Uliza Mwalimu: Kwa nini samaki wa utupa hutweta ilhali hewa ipo?

Katika toleo lililopita niliandika kwamba mapafu ni mlango tu, na kwamba upumuaji wenyewe hufanyika ndani ya seli. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi, kutoka Kipungani, Shela, Mpeketoni, Malindi na hapa hapa Langoni. Ninaanza na ya mvuvi, maana yeye aliliona kwa macho yake jambo ambalo wengi wetu tunalisoma vitabuni.

"Mwalimu, salaam alaykum. Mimi ni mvuvi wa Kipungani, sasa bahari nimewaachia wanangu. Tulipokuwa wadogo wazee walikuwa wakitwanga utupa na kuutia kwenye vidimbwi maji yakipwa. Samaki walikuja juu wakitweta kama waliokosa hewa, na maji ni yale yale. Wewe unasema mapafu ni mlango. Je, utupa huufunga mlango wa samaki, yaani mashavu yake?" (Mzee wa Kipungani)

Waalaykum salaam, mzee wangu, na shikamoo. Jambo hilo nami nililiona. Nilikuwa na miaka tisa, siku ya bamvua, maji yamepwa hata mizizi ya mikoko imebaki wazi. Ami yangu alikuwa ametwanga majani ya utupa kwenye kinu kibovu kilichowekwa nyuma ya ua, kwa sababu nyanya hakutaka chombo kile kisogee karibu na jiko lake. Aliyatia majani kwenye pakacha, akaingia kidimbwini hadi magotini, akawa analisuka pakacha majini kama mtu anayesuuza nguo. Maji yakageuka kijani, yakafanya povu. Tukakaa juu ya jiwe tukingoja.

Wa kwanza kuja juu alikuwa tafi mdogo. Mdomo ulikuwa nje ya maji, anaufungua na kuufumba, anaufungua na kuufumba. Nilimshika kwa mkono mtupu wala hakukimbia. Nikamfunua shavu, nikaona matamvua mekundu, mekundu ya damu iliyoshiba hewa.

Jibu lako limo kwenye wekundu ule. Lau mlango ungekuwa umefungwa, damu ingekuwa nyeusi nyeusi. Yule tafi alikuwa na oksijeni tele, na damu ilikuwa ikiifikisha kila pembe ya mwili wake. Kilichozibwa kilikuwa ndani zaidi. Utupa una sumu iitwayo rotenoni. Hupenya ngozi nyembamba ya matamvua, ikaingia kwenye damu, kisha kwenye seli, kisha kwenye vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli viitwavyo mitokondria. Humo hukiganda kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoendesha kemia ya mwili, cha kwanza katika msururu wa vimeng'enya vya upumuaji. Kazi ya msururu huo ni kuzitoa elektroni, chembe ndogo za umeme, kwenye chakula na kuzipitisha hatua kwa hatua mpaka kwa oksijeni. Wa kwanza akizibwa, elektroni haziondoki. Oksijeni iko mwisho wa njia inangoja, na hakuna kinachoifikia. Ndiyo maana samaki hutweta katikati ya hewa.

Wazee walikula samaki wale wasidhurike, kwa sababu rotenoni huingia kirahisi kwenye matamvua ya samaki kuliko kwenye utumbo wa mtu, na ini letu huivunja. Lakini hicho si kibali. Kidimbwi kikitiwa utupa hufa wakubwa na makinda pamoja, na sheria ya uvuvi ya Kenya ya mwaka 2016 inakataza kuvua kwa sumu. Tena kuna hili: mwaka 2000 watafiti walitangaza kwamba panya waliotiwa rotenoni kidogo kidogo kwa wiki kadhaa walikakamaa na kupungukiwa na mwendo kama wagonjwa wa Parkinson, kwa kuwa seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, zilikuwa zimekufa. Nimeona watu wakitwanga utupa kuua wadudu wa mboga. Waambieni wafunge pua na mdomo, na wasiutwange karibu na watoto.

"Shikamoo Mwalimu. Niko Kidato cha Nne, hapa Shela. Kuna Kompleksi I, II, III na IV, na mnyororo wa elektroni. Nimekariri majina kwa Kiingereza lakini sielewi. Ni vitu gani, vimeumbwaje, na hizo protoni zinaingilia wapi?" (Mwanafunzi, Shela)

Marahaba, mwanangu. Chuoni nami nilikaririshwa hivyo hivyo. Mhadhiri aliandika orodha ubaoni, tukainakili, akaifuta, na kwenye mtihani nikaiandika tena ilivyo. Nililielewa jambo lenyewe miaka mingi baadaye, nikiwa nimesimama kwenye kichochoro cha Mkomani nikitazama nyumba ya jirani ikibomolewa dari.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili, ngazi yake nyembamba na imesimama wima kama ngazi nyingi za nyumba za kale za Amu. Mawe ya dari yalikuwa mazito. Hakuna aliyethubutu kulitupa jiwe kutoka juu, lingeua mtu. Hamali walijipanga ngazini, mmoja kila kidato, na jiwe likawa linashuka mkono kwa mkono hadi kwa mtu wa mwisho, aliyelipakia kwenye shogi la punda. Karibu na adhuhuri punda walichelewa kurudi kutoka ufukweni. Mtu wa mwisho akabaki na jiwe mikononi. Wa juu yake naye akabaki na lake, na wa juu yake pia, mpaka yule wa darini akasimama na jiwe asijue pa kulipeleka. Hakuna aliyechoka wala aliyeumia, ila kazi yote ilisimama kwa sababu ya punda.

Sasa weka majina. Jiwe ni elektroni, iliyotolewa kwenye chakula na kubebwa hadi darini na molekuli iitwayo NADH. Hamali ndio kompleksi zako, yaani vimeng'enya vilivyopigiliwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, utando uliojaa mikunjo ili nafasi ya kuvipanga iwe kubwa. Punda ni oksijeni. Urefu wa ngazi, kutoka NADH hadi oksijeni, ni volti 1.14. Elektroni ingeanguka urefu huo wote kwa mara moja, nguvu yake yote ingepotea kwa joto, kama hidrojeni inavyolipuka ikikutana na oksijeni kwenye moto. Inaposhuka kidato kwa kidato, nguvu ile huvunwa.

Huvunwaje? Hapa ongeza kitu ambacho hakikuwapo Mkomani siku ile. Mfungie kila hamali kamba ya kapi, ili kila jiwe linaposhuka lipandishe ndoo ya maji hadi birika la juu. Maji hayo ndiyo protoni zako, yaani hidrojeni iliyopokonywa elektroni yake. Vimeng'enya huzisukuma kutoka ndani ya mitokondria hadi upande wa pili wa utando, zikajazana huko, na zilivyojazana hutamani kurudi.

Kompleksi I ndiyo kubwa kuliko zote. Ina vipande 45 vya protini, na umbo lake ni kama herufi L, mguu mmoja umelala ndani ya utando, wa pili umechomoza kuelekea ndani ya mitokondria. Katika mguu uliochomoza kuna molekuli itokanayo na vitamini B2, ambayo huzipokea elektroni. Kisha kuna vishada 8 vya chuma na salfa, vingi vyake vimepangwa mstari, kila kimoja karibu na mwenzake kiasi cha elektroni kuweza kuruka. Elektroni mbili zikipita, protoni 4 husukumwa. Rotenoni ya yule tafi hukwama pale mguu mmoja unapokutana na mwingine, mahali elektroni zinapokabidhiwa mbebaji.

Mbebaji huyo ni koenzaimu Q, molekuli ya mafuta inayoogelea ndani ya utando. Huzibeba elektroni hadi Kompleksi III, yenye vipande 11, ambayo husimama mbili mbili kama mapacha. Njia hii nayo huchangia protoni 4. Kompleksi II ina vipande 4 tu na haisukumi protoni hata moja. Ifikirie kama dirisha la ghorofa ya kati. Mawe yanayoingilia hapo hayakutoka darini, kwa hiyo maji yanayopandishwa ni machache, na mwishoni ATP zinazopatikana, yaani molekuli zinazobeba nguvu ya kuendesha seli, ni kama 1.5 badala ya 2.5 kwa kila jozi ya elektroni.

Baada ya Kompleksi III kuna mbebaji wa pili, sitokromu c, protini ndogo ya asidi amino 104 yenye chuma katikati, inayoelea juu ya uso wa nje wa utando. Yeye ndiye anayemfikishia mtu wa mwisho, Kompleksi IV.

Huyu mtu wa mwisho ningependa umjue vizuri, maana oksijeni unayovuta, karibu yote, huishia mikononi mwake. Ndani yake kuna chuma na shaba vimekaa vikitazamana, na molekuli ya oksijeni huingia katikati yao. Akishaikamata haiachii mpaka aipe elektroni 4 na protoni 4, itoke ikiwa molekuli mbili za maji. Lau angeiachia njiani ikiwa na elektroni moja, ingetoka ikiwa kali, ikaunguza mafuta ya utando na DNA. Naye pia husukuma protoni, 2 kwa kila jozi ya elektroni.

Limebaki birika. Maji yakijaa juu, hutafuta njia ya kushuka, na njia waliyopewa protoni ni moja, kupitia kimeng'enya chenye gurudumu. Katika mwili wako gurudumu hilo lina meno 8. Protoni 8 zikipita, huzunguka mara moja, na mhimili wake hukibana na kukiachia kichwa cha juu ili kitoe ATP 3. Huweza kuzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walikibandika kichwa hicho kwenye kioo, wakaufunga mhimili uzi wa protini unaong'aa, wakakipa ATP ili kizunguke kinyumenyume, na kwa hadubini wakauona uzi ukizunguka. Mwaka huo huo Paul Boyer na John Walker walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kueleza kazi ya kimeng'enya hiki. Wazo la birika ni la mwingine, Mwingereza Peter Mitchell, aliyelitoa mwaka 1961. Wataalamu wengi walilipinga kwa miaka mingi, wakizidi kutafuta kemikali ya katikati ambayo haikuwapo. Alipata Nobel mwaka 1978.

Mfano wangu una mahali unapovunjika. Hakuna kamba wala kapi. Kompleksi I, kwa mfano, hubadilika umbo kidogo elektroni zinapopita, na badiliko hilo husafiri kwenye mguu uliolala na kuzisukuma protoni. Mtihani ukikuuliza, andika hivyo, usiandike habari za hamali.

Na ukitaka kuona kwa macho, jua kwamba mengi ya haya yalijulikana kutokana na moyo wa ng'ombe. Kichwa cha lile gurudumu kilichorwa mwaka 1994 kutokana na moyo wa ng'ombe, Kompleksi IV nzima yenye vipande 13 mwaka 1996 kutokana na moyo wa ng'ombe, na Kompleksi I mwaka 2016 kutokana na mioyo ya ng'ombe na kondoo. Moyo haupumziki, kwa hiyo karibu theluthi ya kila seli yake ni mitokondria. Pita buchani, uombe uonyeshwe moyo uliopasuliwa, uutazame ulivyokolea rangi kando ya nyama ya kawaida.

"Mwalimu, mimi nimeolewa huku Mpeketoni. Mama mkwe hataki nichome muhogo mchungu. Lazima niumenye, niukate, niuloweke, niuanike juani, ndipo upikwe. Kisamvu nacho lazima kitwangwe, hataki kichemshwe majani mazima. Ni mila tu, au kuna sababu?" (Mke wa Mpeketoni)

Dada yangu, mama mkwe wako yuko sawa katika kila hatua, na kila hatua ina sababu yake.

Muhogo huhifadhi kemikali iitwayo linamarini. Ikiwa peke yake haina kishindo. Katika mmea ule ule, lakini chumba kingine, kuna kimeng'enya kinachoikata. Mmea ukikatwa, ukisagwa au ukitwangwa, vyumba huvunjika, viwili hivyo hukutana, na sianidi hutoka. Ni silaha ya muhogo dhidi ya wanaoutafuna. Akili ya kina mama ni kuifyatua silaha hiyo nje ya mwili wa mtu, mapema, kwenye kinu na kwenye beseni. Kuloweka kunaiachia sianidi iende na maji. Kuanika makopa kunaiachia iende na upepo, kwa kuwa sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu, chini ya joto la adhuhuri ya kwetu. Kisamvu kikitwangwa kisha kikachemshwa sufuria wazi, kimepita njia hiyo hiyo. Ukiuchoma muhogo mchungu mzima, moto hukiua kile kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini hubaki ndani ikikusubiri.

Sianidi inafanya nini mwilini? Rudi kwenye ngazi ya Mkomani. Utupa humzuia mtu wa juu, aliye darini, na wote walio chini yake hubaki mikono mitupu. Sianidi humshika mtu wa mwisho. Hujibana kwenye chuma cha Kompleksi IV, mahali pale pale pa oksijeni. Punda wapo, wamejaa kichochoro kizima, lakini mikono ya mpakiaji imefungwa, na mawe yanakwama hadi darini. Daktari akimtoa damu mtu aliyepewa sianidi, damu ya vena huweza kuwa nyekundu angavu, kwa kuwa imerudi na oksijeni yake yote. Ni wekundu ule ule wa tafi wa ami yangu.

Sianidi kidogo mwili huiweza. Huiunganisha na salfa itokayo kwenye protini za chakula, ikatoka na mkojo. Kwa hiyo maskini asiyepata samaki wala kunde, na mwaka wa ukame amebaki na muhogo mchungu tu, ndiye aliye hatarini. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, ukame uliwafanya watu wafupishe kuloweka na kuanika, na zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walikakamaa miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, na miguu hairudi kuwa ilivyokuwa. Kwa hiyo usifupishe siku za kuanika hata njaa ikibana, na ukiweza weka kunde au dagaa kwenye sahani ile ile ya muhogo.

"Mimi ni askari wa usiku Malindi. Kipindi cha kusi baridi ikizidi huingiza jiko la makaa kibandani nikafunga mlango. Asubuhi kichwa huniuma sana. Ni moshi?" (Mlinzi, Malindi)

Ndugu yangu, litoe jiko leo hii. Makaa yaliyokolea hayana moshi unaoonekana, lakini hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Gesi hiyo huishika hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hushika pia chuma cha Kompleksi IV. Maumivu hayo ya kichwa ni sumu. Usiku mmoja hutaamka. Vaa koti zito, jiko libaki nje.

Na kwa kuwa umeuliza, nikupe kisa. Mjerumani Otto Warburg aliitia gesi hii kwenye hamira, upumuaji ukasimama. Akaimulika kwa taa, ukarudi, kwa sababu mwanga huibandua gesi ile kwenye chuma. Alipima ni rangi zipi za mwanga zinazobandua vizuri zaidi, na kwa njia hiyo akachora sifa za kimeng'enya hicho, yule mtu wetu wa mwisho, ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekishika. Alipata Nobel mwaka 1931. Hamira hiyo hiyo ndiyo David Keilin wa Cambridge aliitazama mwaka 1925 kupitia kioo kinachopasua mwanga. Aliona mistari minne ya weusi. Alipotikisa chupa hewa ikaingia, mistari ikapotea. Alipoiacha itulie, ikarudi. Alikuwa anazitazama sitokromu zikibeba elektroni na kuzitua.

"Kuna dada ananiuzia kwa simu vidonge vya manjano vya kupunguza mwili. Anasema vinachoma mafuta hata ukiwa umelala, na ukitoka jasho ujue vinafanya kazi. Harusi ya mdogo wangu ni mwezi ujao." (Bibi wa Malindi)

Mwanangu, usivimeze. Maneno hayo, na rangi hiyo, ndivyo inavyouzwa sumu iitwayo dinitrofenoli. Ni kweli inachoma mafuta. Hutoboa birika. Huzibeba protoni na kuzipitisha kwenye utando bila kupitia gurudumuni, kwa hiyo hamali wanashusha mawe kwa kasi ya wazimu, chakula kinaungua, na hakuna ATP inayotoka. Nguvu yote huwa joto. Mwili haujui kulizima joto hilo, na paracetamol hailishushi, kwa kuwa hii si homa. Miaka ya 1930 Wamarekani waliinunua dawa hii kwa wingi baada ya madaktari kuisifu mwaka 1933. Wengine walikufa kwa joto la mwili, wengine wakapata mtoto wa jicho wakiwa vijana, na mwaka 1938 ikapigwa marufuku kwa binadamu. Dawa ya kuirudisha ikishaingia mwilini haipo. Vidonge usimrudishie muuzaji, atamuuzia mwingine. Vipeleke kwa mfamasia au hospitalini.

Mtoto mchanga naye hutoboa birika kidogo, kwenye mafuta ya kahawia yaliyo mgongoni na shingoni, ili asipigwe na baridi. Yeye ana protini maalumu ya kufungua na kufunga tundu hilo. Kidonge hakina pa kufungia. Vaa gauni lako, mdogo wako atafurahi kukuona ulivyo.

"Kaka yangu ana miaka 24. Jicho moja lilififia katikati, baada ya miezi miwili na la pili. Hasikii maumivu. Mjomba wetu, nduguye mama, alipata hivyo hivyo kijana. Watu mtaani wanasema ni kijicho. Mama analia usiku." (Dada, Langoni)

Binti yangu, mwambie mama hakuna mtu aliyemtazama mwanawe vibaya. Mpelekeni kaka kwa daktari wa macho, na mtajeni mjomba, maana habari ya mjomba ndiyo yenye uzito kuliko zote ulizoandika.

Mitokondria zina DNA yao wenyewe, fupi, herufi 16,569, jeni 37. Jeni 13 kati ya hizo hutengeneza vipande vya vimeng'enya vya upumuaji, na 7 ni vya Kompleksi I peke yake. DNA hiyo hurithiwa kwa mama. Za baba zinazoingia na mbegu huharibiwa ndani ya yai. Kuna ugonjwa uitwao wa Leber, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1871, ambao huanza hivi hivi: kijana, mara nyingi wa kiume, jicho moja kisha la pili, katikati ya macho, bila maumivu. Mwaka 1988 ilionekana kwamba katika familia nyingi ni herufi moja iliyobadilika, ya 11,778, kwenye jeni la kipande cha Kompleksi I. Mshipa wa fahamu wa jicho una seli zenye njaa kubwa ya ATP, nazo ndizo hufa kwanza.

Daktari akithibitisha kwa kipimo cha damu, mambo mawili yafanyike. Kaka na ndugu zenu wote wa tumbo moja waache sigara na pombe kabisa, hata wanaoona vizuri, kwa sababu wengi wenye herufi hiyo hawapofuki maishani, na moshi wa sigara ni miongoni mwa vinavyowasukuma. Pili, ulizeni habari za idebenoni, dawa iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2015. Ni mbebaji wa kutengenezwa, huzichukua elektroni na kuzivusha pale Kompleksi I ilipokwama, akazifikisha Kompleksi III. Huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Na kaka akioa, watoto wake hawatarithi kwake. Wewe ndiye wa kuzungumza na daktari kabla ya kuzaa. Nimekuandikia hili waziwazi kwa kuwa umeniuliza waziwazi. Mama asilie kwa kudhani ametenda kosa. Alipewa na mamake, naye mamake alipewa na mamake.

"Mwalimu, kwa nini jodari ana nyama nyeusi ubavuni na tewa hana?" (Mtoto wa Matondoni, darasa la sita)

Kwa sababu jodari hasimami kamwe, mjukuu wangu. Asipoogelea maji hayapiti kwenye matamvua yake, akafa. Kwa hiyo ana msuli wa kazi ya mchana na usiku, umejaa damu, umejaa mitokondria, na umekolea rangi. Tewa hukaa pangoni akavizia, akaruka mara moja, akarudi. Nyama yake nyeupe ni ya kuruka, na mitokondria zake ni chache.

Siku babako akileta jodari aliye hai bado chomboni, mwombe ampasue pale pale, uweke kiganja kwenye ile nyama nyeusi kabla hajapoa. Utaisikia ina moto kuliko bahari alimotoka.